Ukuta wa mpakani Organ Pipe: nyota mbili kati ya tano

Katika hifadhi ya Organ Pipe Cactus, Arizona, mpaka wa Marekani na Mexico umeshafungiwa vizuizi vya aina tatu. Cha bei nafuu ndicho bora.

Kizuizi cha magari kilikamilika 2006, miaka minne baada ya askari wa hifadhi, Kris Eggle, kupigwa risasi na kufa. Ni nguzo fupi zilizounganishwa kwa vyuma vilivyolazwa. Gari la magendo halipiti. Swala, kobe na maji hupita. Mtu wa miguu anaruka, hilo kweli, lakini kilichokuwa kinalichimbua jangwa ni matairi. Nyota nne.

Ukawekwa wavu wa chuma wa kama kilomita 8 pande za Lukeville, kijiji chenye kituo cha kuvukia mpaka. Mvua ya Julai 2008 ilileta matawi na majani makavu, yakanasa kwenye wavu, na maji yakasimama nyuma yake kama bwawa, penye kina karibu mita 2. Mwaka 2011 mafuriko yaling'oa kipande cha mita 12. Nyota moja, na hiyo ni ya huruma.

Ukuta wa 2019–2020 una kimo cha mita 9: nguzo za mraba za sentimita 15 zilizojazwa zege, nafasi ya sentimita 10 kati yake. Mjusi na panya wanapenya, pronghorn, swala adimu wa jangwa hilo, hapenyi. Kwenye makorongo kuna mageti ambayo lazima yafunguliwe mvua za kiangazi zikikaribia. Yakifungwa, takataka zinaziba. Yakifunguliwa, mtu anapita wima. Hapo ndipo bidhaa inapojichongea. Tena nguzo hukatika kwa msumeno wa mkononi unaouzwa dukani.

Ukaguzi wa mazingira kabla ya kuujenga ukuta? Sheria ya 2005 inamruhusu waziri wa Usalama wa Ndani kuziweka kando sheria nyingine, na hapa ruhusa hiyo ilitumika 2019. Dungusi za saguaro zikaangushwa kwa tingatinga, maji ya kuchanganyia zege yakavutwa kutoka chini ya ardhi. Bwawa la Quitobaquito, mita 200 hivi kutoka mpakani, lilishuka sana 2020, ingawa ukame ulikuwepo na bwawa lenyewe lilikuwa likivuja.

Kwenye makorongo kizuizi cha magari na kamera vingetosha. Ukuta ungebaki Lukeville, penye barabara na watu.