Floti ya mlangoni Mbagala: wakala mkuu wangu nampa nyota tatu

Nyota tatu kati ya tano. Ungeniuliza mwaka 2021 ningekupa tano zote na moja ya kukopa.

Mimi ni wakala wa pesa za simu Mbagala Rangi Tatu, upande wanaopandia abiria wa mabasi ya Lindi na Mtwara. Nilianza na meza na mwavuli, sasa nina kibanda cha bati chenye dirisha la nondo. Nina laini ya M-Pesa, ya Airtel Money, ya Halopesa, na ile ambayo tangu Novemba 2024 inaitwa Mixx by Yas. Wateja wangu bado wanasema Tigo Pesa, nami nimechoka kuwasahihisha. Watu wakiona fulana yangu hudhani nimeajiriwa na mtandao. Mtandao haunijui hata sura. Anayenijua ni wakala mkuu, kampuni ya katikati inayochukua floti, yaani salio la kwenye simu tunalowahudumia nalo wateja, kwa wingi, inatugawia sisi wa mtaani, na inakula kipande chake kwenye kamisheni. Huduma ninayoipima hapa ni hiyo. Jina lao nalihifadhi, maana kesho asubuhi nitawapigia simu tena.

Kazi yetu inakwama pale pesa inapolalia upande mmoja. Asubuhi wanakuja wa kutoa: noti zinaisha, floti inajaa kwenye simu. Jioni mambo yanageuka. Msimu wa korosho ukifika, Oktoba kuelekea Desemba, watu wenye mashamba yao kusini lakini wanaishi hapa mjini wanakuja kuweka, watume hela ya vibarua wa kuokota Newala, Tandahimba, Masasi. Droo inafura noti, simu haina kitu. Mteja wa Airtel siku hizi anamtumia wa Vodacom bila shida, mitandao ilishaunganishwa, lakini mtaji wangu mimi bado umekatwa vipande vinne, na kile kinachotakiwa saa hiyo ndicho kilichoisha. Mteja hasubiri. Anavuka barabara kwa jirani yangu.

Hapo ndipo wakala mkuu anapolipwa jasho lake, na sehemu hii wanaijua vizuri. Nikipiga simu floti inaingia kwanza, kijana wao anakuja na pikipiki baadaye kuchukua noti. Anazihesabia ndani ya kibanda, hazihesabii dirishani. Anaandika kwenye kaunta buku langu na la kwake, tunasaini wote wawili. Noti iliyochanika anairudisha bila kuona haya. Hana saa maalumu ya kupita, na nimekuja kuelewa kwamba anafanya hivyo makusudi, kwa sababu Mbagala hii kijana anayejulikana anapita saa ngapi na mfuko wa hela hafiki mbali. Ni mdogo wangu kiumri, ananiita dada, lakini kwenye hela hana udugu. Ndivyo ninavyotaka.

Wale walioanza uwakala juzi hawajui Julai 2021 ilivyokuwa. Tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilianza tarehe 15, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, na ilikatwa kwa anayetuma na kwa anayetoa. Hapa stendi niliona kwa macho yangu watu wakirudi kwenye bahasha: unampa kondakta wa basi la Mtwara hela ya mama, na yeye unampooza kidogo. Wateja wangu wa kudumu walikuwa wanapita dirishani na kunisalimia tu. Septemba serikali ikapunguza tozo kwa asilimia 30, mwaka uliofuata ikapunguza tena, lakini miezi ile ya mwanzo kamisheni yangu haikutosha kodi ya kibanda. Wakala mkuu angeweza kufunga mkono. Badala yake mwenye kampuni alizunguka mwenyewe, kibanda kwa kibanda, akasema floti ya kukopa asubuhi ukarudisha jioni itaendelea, bila riba, kwa yeyote ambaye daftari lake ni safi. Hakuna mkataba uliomlazimisha. Mawakala wengi wa Rangi Tatu waliobaki barabarani wamebaki kwa ajili ya neno lile.

Kisha kampuni ikakua, akaletwa meneja wa eneo.

Sina ugomvi naye binafsi. Najua naye anabanwa: mtandao unampa wakala mkuu malengo ya mwezi, wakala mkuu anamshushia meneja, meneja anatushushia sisi, na chini yetu hakuna wa kumshushia isipokuwa mteja. Sasa floti ya mkopo imefungwa na masharti. Ni mpaka usajili laini mpya kadhaa, ugawe lipa namba, zile za kupokelea malipo, kwa wauza chipsi na mafundi cherehani, la sivyo unaambiwa subiri. Hili la laini mpya ndilo linalonikera. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, laini moja inataka namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, na kidole cha mtu mwenyewe. Ukimbana kijana wa mtaani alete idadi, atamwambia mteja, "Weka kidole tena, haijashika," na hicho kidole cha pili kinasajili laini nyingine. Baadaye mtu anapiga *106# anakuta namba asizozijua ziko kwa jina lake. Kwangu hilo halifanyiki. Nimemwambia meneja mbele ya wenzangu, akanyamaza, na wiki ile floti yangu ilichelewa kuliko ya wote. Huenda ni bahati mbaya.

Jambo la pili ni Jumapili. Hawaleti floti kabisa siku hiyo, na siku za kawaida wamepandisha kiwango cha chini mpaka laki tano. Sababu naielewa: kila shilingi ya floti lazima iwe na shilingi yake benki, na wao wasipoweka noti benki Jumamosi, Jumapili hawana cha kugawa. Lakini sisi wa stendi Jumapili ndiyo siku ya watu, na mwenye mtaji wa laki nane kwenye mitandao minne hawezi kuagiza laki tano ya mtandao mmoja. Masharti haya yametungwa na mtu anayewaza mawakala wa Kariakoo.

Matokeo yake nimejenga urafiki na yule jirani wa ng'ambo anayenichukulia wateja. Tunagombania wateja mchana kutwa, kisha jioni namtumia floti ya Halopesa, ananipa ya M-Pesa, tunasawazisha kwa noti. Hatuandikishani. Akifunga mapema ananijulisha. Ukiniuliza nani ameniokoa zaidi mwaka huu, mshindani wangu ana sehemu kubwa.

Nisiwaonee, lakini. Muamala ukikwama, yaani mteja kaweka, hela imetoka kwangu na haijafika kwake, na anakuangalia kama mwizi, ukipiga 100 ya huduma kwa wateja unapewa maelezo mazuri na unaambiwa usubiri. Wakala mkuu ana watu anaowafahamu ndani ya mitandao. Unampa namba ya muamala, anafuatilia mwenyewe, anakupigia bila kukumbushwa. Kwa hili sijawahi kuwalaumu. Na kwenye utapeli wako macho: akitokea mtu anayejifanya ni wa makao makuu, anataka ubonyeze menyu "kuhakiki laini", sauti ya onyo inaingia kwenye kundi letu la WhatsApp kabla hajamaliza mtaa. Namba ya tapeli mwenyewe wanatuhimiza tuitume kwenda 15040, ya kuripoti utapeli.

Kwa hiyo, wewe unayetafuta wakala mkuu huku Mbagala, kamisheni usiiulize kwanza, zinakaribiana. Uliza Jumapili nani atapokea simu, na muamala ukikwama nani atakufuatilia. Kama mtaji wako ni mkubwa na uko mbali na stendi, hawa watakufaa sana.

Kwao wenyewe, maana najua watasoma: rudisheni floti ya Jumapili, hata ikiwa ni laki mbili kwa kila mmoja, nami nitaongeza nyota ya nne. Ya tano ipo kwenye stuli yangu. Meneja aje aikalie saa kumi na moja jioni, katikati ya Novemba, watu wa Tandahimba wakiwa wamepanga foleni.