Vifaa vya kusafishia shotigani: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Haya watazamaji, karibuni. Leo mezani nina vifaa vya kusafishia shotigani ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa ndani wa mtutu), kwa ajili ya yule aliyepata leseni juzi na anakaa Kilwa, Lindi mjini au Mikindani, ambako upepo wa bahari huingia na chumvi yake mpaka kabatini. Wa Newala na Liwale msiondoke. Kwenu chumvi ni kidogo, lakini mvua za Desemba hadi Aprili zinaleta kutu ileile.

Kwanza bunduki iwe tupu. Ifungue, tazama chemba, pale risasi inapokaa, kisha ingiza kidole uhakikishe. Risasi zote ziwe chumba kingine.

Sasa hili boksi kubwa la plastiki. Linavutia, brashi zimejaa kila saizi, lakini mwenye geji 12 moja atatumia vitu vinne au vitano tu. Ubaya zaidi uko kwenye fito yake ya alumini, yaani kile kijiti cha kusukumia brashi ndani ya mtutu. Ngoja niisogeze kwenye kamera: mnaona hapa kwenye kiungo, kucha inakwama? Alumini ni laini, thredi zake huisha haraka, na chembe za mchanga hujishindilia humo. Ukiivuta na kuisukuma ndani ya mtutu unapiga msasa, husafishi.

Hii nyingine ni ya shaba, vipande vitatu, kucha inapita bila kugota. Pesa yako iweke hapa. Mtutu wa inchi 28 ni sentimita 71, kwa hiyo tafuta fito ya sentimita 85 hadi 90, upate pa kushika.

Brashi nayo iwe ya shaba, imeandikwa 12. Ndani ya mtutu wa geji 12 ni kama milimita 18.5, geji 20 ni 15.6, hivyo brashi yake itapita hewani tu. Ya chuma kigumu iacheni hukohuko dukani, inakwaruza. Na usigeuze brashi katikati ya mtutu: nywele zake hupinda, ikang'ang'ania humo. Ingiza upande wa chemba, itokee mdomoni, ndipo uirudishe.

Vitambaa usinunue. Kata fulana kuukuu ya pamba, sentimita 7 au 8 kila upande. Kikikwama, kisukume kwa fito. Asije mtu akakushauri ukitoe kwa kupiga risasi. Mtutu utapasuka mkononi mwako.

Kwenye mafuta ndipo wengi wanapoharibu. Mafuta ya kupikia hukauka yakanata, halafu pini ya kupigia inagonga kinyonge na risasi hailipuki. Oili chafu ya injini ina masizi na asidi. WD-40, ile ya kopo la kupuliza, inafukuza maji vizuri baada ya kunyeshewa, ila tabaka lake ni jembamba, si la kuachia silaha msimu mzima. Nunua chupa mbili ndogo: dawa ya kuyeyusha masizi na mafuta ya bunduki. Tone la grisi kwenye bawaba, basi.

Namna ya kufanya: kitambaa chenye dawa, subiri dakika 10, brashi mara 10, vitambaa vikavu mpaka kitoke cheupe, kisha kimoja chenye mafuta kidogo. Narudia, kidogo. Usiku wa kwanza iweke mdomo chini, maana mafuta yakishukia kitakoni mbao hulainika kwenye maungio, na baadaye hupasuka. Kabla ya kwenda kupiga, pitisha kitambaa kikavu.

Hii kamba ya kuvuta ndani ya mtutu ni nzuri ukiwa porini, lakini haichukui nafasi ya fito. Ifue, la sivyo unarudisha uchafu wa jana.

Mkoba wa ngozi ni wa safari tu. Ukihifadhia humo, unyevu unabaki umekumbatia chuma. Ndani ya kabati la kufuli weka pakiti za kunyonya unyevu.

Mwenye gobore lenye kibali: baruti nyeusi huacha masizi yanayovuta unyevu, kwa hiyo osha mtutu kwa maji ya moto na sabuni siku hiyohiyo, kausha kabisa, paka mafuta.

Ukimulika tochi ukaona vishimo ndani ya mtutu, weka brashi chini. Hiyo ni kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni, na usiipige mpaka aikague.