Pasipoti ya Kenya kwa mtoto aliyezaliwa Ujerumani: uzoefu wangu

Binti yetu alizaliwa Ujerumani na sasa ana pasipoti yake ya Kenya, ile ya buluu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hatua ya eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na ya ubalozi wa Kenya ulioko Berlin naipa nyota nne kati ya tano. Hatua ya kupata cheti cha kuzaliwa cha Kijerumani naipa mbili, na huko ndiko nguvu zetu zote zilikoishia.

Uraia wenyewe hauombwi. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama au baba yake alikuwa raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Chini ya katiba ya zamani mtoto wa ng'ambo aliupata uraia kupitia kwa baba pekee. Akina mama waliozaa na wageni wakati huo wanajua uchungu wake, na mimi naishukuru katiba hii kila nikimtazama binti yangu.

Ujerumani nayo haimpi uraia kila anayezaliwa ndani ya mipaka yake. Tangu Juni 2024 inatosha mzazi mmoja awe ameishi hapa kihalali kwa miaka 5 (awali ilikuwa 8), lakini lazima pia awe na haki ya ukaazi isiyo na kikomo. Mimi ni muuguzi, kibali changu bado ni cha muda, na cha mume wangu vilevile. Kwa hiyo mtoto ni Mkenya tu, na bila pasipoti ya Kenya hangeweza kupelekwa Nyeri kwa nyanya yake.

Sasa nije Standesamt, ofisi ya manispaa inayosajili vizazi, ndoa na vifo. Taarifa ya kuzaliwa inatakiwa ndani ya wiki moja. Hospitali iliituma yenyewe. Karani akataka vyeti vyetu vya kuzaliwa na cha ndoa, pamoja na tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa. Tukavipeleka, havikutosha. Hati za Kenya hazigongewi tu muhuri zikakubalika: ofisi ya hapa huuomba ubalozi wa Ujerumani ulioko Nairobi uzihakiki, na wakili anatumwa kupekua rejista kule zilikotolewa. Gharama ni mamia ya euro, mlipaji ni wewe, na unasubiri miezi. Kwa wakati huo mtoto hana cheti. Ana nakala ya rejista iliyoandikwa kwamba utambulisho wa wazazi haujathibitishwa. Maneno hayo yaliniumiza. Nimembeba mtoto tumboni, nimemzaa, kisha karatasi inasema sijulikani.

Hata hivyo nakala hiyo ina nguvu kisheria. Bima ya afya iliipokea, na Kindergeld, ile pesa ya kila mwezi ya mtoto, ikaanza kuingia. Afisa akikukatalia, mwombe akuandikie sababu.

Dada uliye mjamzito, nenda Standesamt ya mji wako sasa hivi ukaulize orodha ya hati, kisha mwagize ndugu nyumbani akutolee vyeti vipya. Majina pia yamalizeni mapema. Sisi binti wa kwanza huitwa jina la mama mzaa baba, na karani alitaka kujua lipi ni la ukoo na lipi ni la mtoto. Yaandikwe kwa herufi zilezile mtakazojaza eCitizen, kwa sababu cheti cha hapa ndicho kitakachosomwa Berlin.

Cheti kilipotoka tuliomba kile cha kimataifa chenye lugha kadhaa, Kiingereza kikiwemo, tukaepuka tafsiri nyingine. Fomu tulijaza eCitizen, tukalipa humo humo, tukachapisha. Ubalozini Berlin tulikwenda na mtoto mwenyewe, hati halisi na nakala zake, pasipoti na vitambulisho vyetu, pamoja na barua ya idhini tuliyosaini sote wawili. Picha tulimpiga nyumbani, amelazwa juu ya shuka jeupe karibu na dirisha, macho wazi, bila mkono wa mtu kuonekana. Afisa aliyetuhudumia alisema nasi kwa upole na akatuambia tusiharakishe, mtoto anyonye kwanza. Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya safari: kwa anayeishi kusini mwa Ujerumani, kwenda Berlin na kichanga ni siku nzima kwenye treni.

Jambo moja lisisubiri pasipoti. Kibali cha ukaazi cha mtoto kinatakiwa kuombwa ndani ya miezi 6 tangu azaliwe. Sisi tuliwaandikia ofisi ya wageni mapema, tukaambatisha nakala ya rejista na barua ya kueleza kwamba hati zetu zinahakikiwa Nairobi, tukaomba watujibu kwa maandishi kwamba wamelipokea ombi. Pasipoti ilipofika tuliwapelekea, wakamalizia.