Mitosisi na meiosisi: tumtazame punda wa Lamu

Punda anayebeba mawe pale gatini Lamu akichubuliwa mgongo na shogi, kidonda hufunga kwa mitosisi, yaani seli kujigawa na kutoa nakala zake. Seli ya ngozi yake ina kromosomu 62, yaani nyuzi zinazobeba DNA, maelekezo ya urithi. Hunakili DNA yake, hugawanyika mara moja na kutoa seli 2, kila moja ikiwa na 62 zilezile. Hakuna jipya hapo, na ndivyo inavyotakiwa.

Meiosisi, mgawanyiko unaotengeneza mbegu na mayai ya uzazi, ndiyo yenye mambo. Hufanyika kwenye korodani na ovari tu. DNA hunakiliwa mara moja lakini mgawanyiko ni mara 2, kwa hiyo mbegu au yai hubaki na kromosomu 31. Kabla ya kutengana, kromosomu ya baba na ya mama hujipanga jozi na kubadilishana vipande. Ndiyo maana vihongwe wa baba mmoja na mama mmoja hutofautiana.

Kule kujipanga si jambo dogo. Baghala, mtoto wa punda na farasi, hupata 31 za punda na 32 za farasi, jumla 63. Vidonda vyake hupona kama kawaida, maana mitosisi haihitaji jozi. Kwenye kuzaa ndipo meiosisi hukwama, na karibu baghala wote ni tasa.