Seti ya kufinyanga wanyama nyumbani: udongo mzuri sana, rangi za kawaida, kijitabu kinapotosha

Nimekaa na hii seti miezi 2 sasa na tumeshafinyanga wanyama 14, mi na mwanangu wa miaka 8, kwa hiyo naona naweza kusema kitu. Ni zile seti za kwenye boksi, unafungua unakuta kilo 1 ya udongo mweupe ule wa kukauka wenyewe bila kuchomwa, vichupa 12 vya rangi ya akriliki, brashi 3, vijiti vya plastiki vya kuchongea na kijitabu cha maelekezo chenye picha. Udongo ndo umenifanya niandike, ni mzuri kuliko nilivyotegemea. Kijitabu ndo kimenikera, na nitaeleza kwa nini maana kuna watoto watakata tamaa kwa sababu yake.

Udongo kwanza. Ukishaukanda dakika 5 hivi unakuwa laini, haugandi vidoleni, na ukiukunja haupasuki pasuki pembeni. Ukiuchana unaona nyuzinyuzi ndani, hizo ni za karatasi, na ndo zinazoushikilia usikatike ukiuvuta kutengeneza mkia au mkonga wa tembo. Niliwahi kutumia mwingine zamani usio na hizo nyuzi, masikio ya sungura yalikuwa yanamong'onyoka hata kabla hayajakauka. Huu hapana, nimetengeneza sikio jembamba kabisa na bado limesimama mpaka leo. Cha kuzingatia tu ni kwamba ukishafungua pakiti hewa inaanza kuufanyia kazi hapo hapo, kwa hiyo kata kipande unachotaka, uliobaki ubane kwenye nailoni utoe hewa yote, alafu weka kwenye kontena lenye mfuniko na kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri. Wangu umefikisha wiki 5 hivyo na bado unakandika.

Sasa kijitabu. Ukurasa wa kwanza, mradi wa kwanza kabisa, ni twiga. Twiga amesimama! Miguu minne myembamba, shingo ndefu, kichwa juu, na hakuna hata neno moja kuhusu kuweka kitu ndani cha kumshikilia. Udongo mbichi una maji mengi, ni mzito, hauwezi kujibeba namna hiyo. Mwanangu alikaa naye mchana mzima, akamaliza mpaka vipembe, tukamuweka juu ya kabati, tunarudi baada ya chakula miguu imejikunja yote na shingo imelala. Akaniuliza, "Mama, nimekosea wapi?" Nikamwambia hujakosea popote mwanangu, uliambiwa ufanye kitu bila kupewa njia yake. Ile siku niliumia kweli, maana alikuwa amefuata kila picha kama ilivyo.

Kwa hiyo kama umenunua hii seti au unataka kununua, ruka huo ukurasa, anza na mnyama anayekaa chini. Kobe ni mwalimu mzuri sana, ni donge moja la kuviringisha, unalibonyeza chini likae, unaongeza miguu minne mifupi na kichwa, na gamba unalichora kwa ncha ya kijiti. Paka aliyejikunja akalala, bundi, kiboko aliyezama nusu, hao wote hawana mguu wa kubeba mzigo. Ukishazoea ndo uingie kwa wanaosimama, na hapo lazima kuwe na mifupa ndani. Mi natumia waya laini ambao mkono unaweza kuukunja, natengeneza umbo la mnyama mzima kama mchoro wa mistari, alafu tumbo na kichwa najaza karatasi ya foili niliyoiminya sana mpaka iwe ngumu, ndo naanza kupaka udongo juu. Inapunguza uzito na inaokoa udongo pia, kilo moja inafika mbali. Ila foili iminye kweli kweli, ikiwa ina nafasi nafasi ukibonyeza udongo inabonyea na umbo linapotea.

Kitu kingine ambacho kijitabu kimepita juu juu ni kuunganisha. Kinasema "bandika mguu kwenye mwili". Ukibandika tu, ukikauka unadondoka, na wengi wanadhani udongo ni mbovu kumbe siyo. Unatakiwa ukwaruze sehemu zote mbili zinazokutana, mikwaruzo ya kupishana, uma wa kawaida unatosha, alafu upake uji wa udongo, yaani udongo huo huo umeulainisha na maji mpaka uwe mzito kama uji, ubonyeze, uzungushe kidogo ushike, na mwishoni uusawazishe udongo wa pande zote mbili kwa kidole kilicholowa kidogo mpaka usione mstari. Tangu tuanze hivyo hakuna sikio wala mkia uliotoka.

Kukausha sasa, na hapa ndo naomba mnisome polepole. Kijitabu kinasema saa 24 na kina picha ya jua. Usiweke juani! Udongo ukikauka unasinyaa, maji yanatoka na chembe zinasogeleana, sasa nje ikikauka haraka wakati ndani bado kubichi, nje inavutika na inapasuka, ndo hizo nyufa ambazo watu wanalalamika kila siku. Na ukiwa na foili ndani ndo zaidi, kwa sababu foili haisinyai na udongo unasinyaa juu yake. Dawa ni tatu tu: unene uwe sawa sawa kila mahali, usizidi sentimita 1 kama unaweza, na ukaushe taratibu. Mi siku ya kwanza namfunika mnyama na mfuko wa plastiki bila kubana, siku ya pili namfunua kivulini, namgeuza kila baada ya saa kadhaa ili chini nako kupate hewa, na namlaza juu ya waya wa kupoozea keki badala ya kumuweka kwenye meza. Wadogo siku 2, wakubwa siku 3 hadi 4. Ukitaka kujua kama tayari mguse na shavu, akiwa bado wa baridi ujue kuna maji ndani yanaendelea kutoka, akiwa hana baridi na rangi imekuwa nyeupe zaidi basi ameiva. Ufa ukitokea usitupe, jaza uji wa udongo, subiri ukauke, piga msasa. Msasa laini, na ufanyie nje au uvae barakoa kwa sababu ile vumbi si ya kuvuta, watoto hasa.

Kuna mtu aliniuliza kama anaweza kuuchoma huu udongo motoni uwe kama chungu. Huu haukutengenezwa kwa ajili hiyo, zile karatasi za ndani zitaungua. Udongo wa mfinyanzi wenyewe ndo unachomwa, na unataka tanuru la digrii 1000 hivi, ndo unabadilika kabisa na haurudi tope tena hata ukiulowanisha. Na usichanganye na ule udongo wa polima unaouzwa kwa vipande vya rangi, ule hauna maji, haukauki kwa hewa hata ukae mwaka, unaokwa kwenye oveni digrii 110 mpaka 130 kulingana na pakiti inavyosema. Ni vitu vitatu tofauti na majina yanafanana. Mi napenda kuwaza kwamba watu wamefanya hii kazi zamani sana, kule Dolní Věstonice katika nchi ya Cheki wachimbaji walikuta simba, dubu na mamothi (wale tembo wa kale wenye manyoya) wadogo wa udongo waliochomwa, wana zaidi ya miaka 25,000, na wengi wamekutwa vipande vipande. Nikimwonyesha mwanangu picha ya kichwa cha yule simba anakishika kitabu kimya kabisa, maana anajua kile kimefinyangwa na kidole cha mtu.

Rangi za kwenye seti, kwa kweli ni za kawaida. Nyeusi, nyeupe na kahawia ni nzuri, zinafunika. Njano na nyekundu ni nyepesi, unapaka mara tatu nne ndo zionekane, na chungwa ukitaka ni bora uchanganye mwenyewe. Cha kusaidia ni kupaka kwanza tabaka la nyeupe mwili mzima, likikauka rangi za juu zinang'aa zaidi na hutumii nyingi. Usiweke maji mengi kwenye brashi kwenye hilo tabaka la kwanza, huu udongo ukipata maji unarudi kulainika juu na ile kazi yote ya msasa inaharibika. Matabaka mawili membamba yanashinda moja zito, zito linaficha macho na manyoya uliyochora kwa shida.

Brashi kubwa ni sawa, ila ile ndogo ya macho inatoa nywele, mbili zilibaki kwenye pua ya paka wetu wa udongo tukazitoa kwa kibano. Hiyo nunua nyingine. Na brashi zioshe hapo hapo, akriliki ikikauka inakuwa plastiki, haitoki tena na maji.

Kinachoniteka zaidi kwenye kupaka ni gamba la kobe. Unapaka kijani, unasubiri ikauke, alafu unachukua kahawia umeilainisha na maji kidogo unaipaka juu yote na papo hapo unaifuta na kitambaa, inabaki kwenye ile mistari tu na gamba linatokea lote kwa mara moja. Kwa wenye manyoya ni kinyume chake, chovya brashi kwenye rangi angavu kuliko ile ya mwili, ifute kwenye karatasi mpaka karibu iishe, alafu pitisha juu juu, inashika kwenye ncha za manyoya peke yake. Macho nenda nayo mwisho, nyeusi kwanza, alafu nukta ndogo nyeupe kwa ncha ya kijiti cha meno, na zile nukta ziwe upande mmoja kwenye macho yote mawili. Bundi wetu alikuwa donge tu mpaka zile nukta zilipoingia, akaanza kukuangalia.

Vanishi haimo ndani ya boksi na ilitakiwa iwemo, kwa sababu bila hiyo mkono wenye jasho unachafua mnyama. Tafuta ya maji, isiyong'aa kwa wenye manyoya, inayong'aa kwa chura na samaki, paka mara mbili. Hata hivyo usimuweke nje kwenye mvua wala kumuosha, vanishi inazuia unyevu kidogo tu.

Pakiti ya pili ya huo huo udongo nimeshaagiza, safari hii udongo peke yake bila boksi, rangi nanunua pembeni. Mwanangu ameanza twiga upya juzi, waya ndani, foili kifuani, shingo nene kidogo pale chini inapoanzia. Leo asubuhi kaenda kumgusa na shavu kabla hata hajanawa uso, akarudi akasema bado ana baridi, tumfunike tena.