Kengele ya kaboni monoksaidi: uzoefu wangu na jiko la mkaa Njombe

Njombe, Juni na Julai baridi inauma kweli, na jiko la mkaa likishaivisha maharage huingizwa chumbani watu waote. Ndiyo maana nikanunua kengele ya kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu inayotoka kwenye mkaa unaowaka. Ni kifaa cheupe, kinaenea kiganjani, kinatumia betri ndogo za kawaida, na kioo chake kinaonyesha kiwango cha gesi kwa ppm, yaani sehemu ngapi za gesi katika kila sehemu milioni za hewa.

Kilinishawishi jioni moja ya mvua. Mama mkwe alikuwa jikoni anapika makande, madirisha yamefungwa. Mkaa ulishakolea, mwekundu, hauna moshi kabisa, hali ambayo wengi huiona salama. Namba zikaanza kupanda, zikapita 100, baadaye kikalia kwa sauti kali mno. Harufu? Hakuna aliyeisikia. Tukafungua milango, jiko likatoka nje.

"Yaani moshi ukiisha, sumu bado ipo?" mama aliuliza.

Ipo, na ndiyo inayoua. Gesi hii hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu. Aliyelala hapati hata nafasi ya kushtuka.

Nimesikia watu wakisema kifaa hiki ni kibovu kwa sababu kinachelewa kulia. Si ubovu. Kwa kiwango cha ubora cha Ulaya cha kengele hizi, EN 50291, kwenye 50 ppm hulia baada ya dakika 60 hadi 90, kwenye 100 kati ya dakika 10 na 40, na ikifika 300 ni ndani ya dakika 3, kwa kuwa madhara hutegemea wingi wa gesi na muda unaoivuta. Tafuta namba hiyo ya EN 50291 kwenye boksi. Duka la kwanza walitaka kuniuzia kengele ya moshi, ambayo haiioni gesi hii kabisa.

Nisichokipenda: maelekezo hayana Kiswahili. Pia kitufe cha kujaribia hupima sauti na betri tu, hakikuhakikishii kwamba kihisio kinanusa gesi, kwa hiyo soma tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma.

Nakipa nyota nne. Usiku jiko letu linalala nje vilevile. Kama hela haitoshi, anza na hilo, halina gharama. Kengele ya pili nawanunulia wanafunzi waliopanga uani, maana wanapikia humohumo wanamolala.