Wembe namba 10 na mashine ya umeme: kipi nakishika lini

Madaktari wenzangu wa mifugo wananiuliza kama mashine ya kukatia kwa umeme wakati wa upasuaji inafaa kununuliwa. Inafaa sana, ila si kwa kuchana ngozi.

Ngozi bado naikata kwa wembe wa upasuaji wa kampuni ya Swann-Morton, namba 10, kwenye mpini namba 3. Kwa paka mdogo, namba 15, ulio mdogo zaidi. Nachagua wa chuma cha kaboni, maana ukali wake unausikia mkononi: unavuta mara moja, ngozi inafunguka. Damu inachuruzika kidogo, unabana kwa shashi, basi. Kingo zinabaki safi, na ukishona zinakutana vizuri.

Umeme unakata kwa joto. Maji ya ndani ya seli yanachemka, seli zinapasuka, na mishipa midogo inajifunga hapo hapo. Lakini pembeni unabaki utando ulioungua, ambao mwili lazima uuondoe kwanza ndipo uunge. Kwa hiyo mshono unachelewa kupata nguvu. Ngozi iliyokatwa kwa umeme, nyuzi ambazo ningezitoa siku ya 10 naziacha hadi ya 14.

Mashine hii niliipenda kwa mbwa jike mwenye uvimbe wa matiti. Ngozi nilichana kwa wembe, kisha chini yake, kwenye mafuta yenye vimishipa tele, nikashika umeme. Pakabaki pakavu, nikaona ninachokata, na mnyama hakukaa sana kwenye nusu kaputi. Tazama rangi ya kingo: zikigeuka kahawia, nguvu uliyoweka ni kubwa mno au mkono unakwenda polepole. Kipande cha kupeleka maabara kikate kwa wembe, kwani kingo zilizoungua zinamsumbua msomaji wa darubini.

Usumbufu upo. Bamba la chini, linalowekwa chini ya mnyama ili kurudisha mkondo kwenye mashine, lazima liguse mwili vizuri, la sivyo mnyama anaungua bila wewe kujua. Spiriti uliyopaka ngozini ikauke kabisa kabla hujabonyeza, isije ikawaka. Moshi nao unataka kifyonzi. Na umeme ukikatika, unarudi kwenye wembe.

Leiza ya CO2, inayokata kwa mwanga, inasifiwa, na kweli inaziba mishipa ya hadi takriban nusu milimita, ila nayo inaunguza kingo, na bei yake haibebeki kwa kliniki nyingi za kwetu.

Ukinunua ya umeme, dai yenye koleo la bipola. Mkondo unapita kati ya ncha mbili tu, bamba halihitajiki, na kwa sikio au kope ndilo ninaloliamini.